Duka la vifungo lililofika Los Angeles: jinsi Chedraui ya Meksiko ilivyokua kwa kuchukua walichoacha wengine

Mara ya kwanza kuingia Fiesta, supamaketi moja kusini-magharibi mwa Houston, nilifuata mihogo. Niliikuta imepakwa nta isikauke, imelundikwa pembeni ya ndizi za kupika na bamia. Kwenye bucha palikuwa na mbuzi, na muuzaji alimkata na mifupa yake bila kuuliza mara mbili. Nilikuwa naongea na simu huku nimeshika mfuko wa unga wa mahindi wenye maandishi ya Kihispania, mama mmoja wa Uvira akanigusa bega. “Mwanangu, huo rudisha. Hautakupa ugali huo.” Alisema kweli. Mahindi ya unga ule huchemshwa na chokaa kabla ya kusagwa. Ni unga wa tortilla, na ukiusonga unanata na kunuka chokaa. Nikamwambia asante mama, nikarudisha mfuko, akanionyesha rafu ya chini kabisa ulikokuwa unga mweupe wa kawaida.

Niliporudi nyumbani nilitaka kujua duka lile ni la nani. Nilitarajia jibu liwe kampuni ya Texas, maana Fiesta ilizaliwa Houston mwaka 1972. Kumbe tangu 2018 ni mali ya Grupo Comercial Chedraui, kampuni ya familia moja ya Meksiko yenye asili ya Lebanon, iliyoanza na duka la nyuzi na vifungo katika mji wa milimani uitwao Xalapa. Kampuni hiyo hiyo inamiliki El Super na Smart & Final za California. Kwa ujumla ina karibu maduka 380 ndani ya Marekani, na tangu 2021 karibu nusu ya mauzo yake yote, miaka mingine zaidi ya nusu, yanapatikana kaskazini mwa mpaka.

Tumezoea kuona mtaji wa supamaketi ukishuka kutoka nchi tajiri kwenda nchi za kipato cha kati. Huu umepanda. Na ukifuatilia hatua kwa hatua utaona kwamba Chedraui haikupanda kwa kuwapiga wakubwa mwereka. Karibu kila hatua yake kubwa ilitokea pale mkubwa fulani alipochoka na kutaka kuondoka, na familia ya Xalapa ikawa imesimama mlangoni, tayari kununua. Nataka kueleza jambo hilo liliwezekana vipi, kwa sababu ndani yake mna somo zima la namna biashara ya supamaketi inavyofanya kazi.

Bandari ya Beirut, mlimani

Xalapa ni makao makuu ya jimbo la Veracruz. Mji wenyewe uko juu, umezungukwa na mashamba ya kahawa, na mvua yake nyembamba ya rasharasha ina jina lake kabisa, chipichipi. Bandari iko chini pwani, na ni kupitia bandari hiyo ya Veracruz ambapo Walebanoni na Wasiria wengi waliingia Meksiko mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa kuwa walikuja na hati za kusafiria za dola ya Osmania, iliyotawaliwa na Waturuki, wenyeji waliwaita “turcos”, Waturuki, ingawa wengi wao walikuwa Wakristo waliokuwa wakiikimbia dola hiyo hiyo.

Kazi waliyoianza tunaijua kwa jina letu: umachinga. Walibeba nyuzi, sindano, vitambaa na vitana mgongoni, wakaenda kijiji kwa kijiji. Walichofanya tofauti na wenye maduka ya mjini ni kukopesha. Mama wa kijijini alichukua kitambaa leo, akalipa kidogo kidogo kila muuzaji alipopita. Machinga wa namna hiyo aliitwa “abonero”, yaani mtu wa malipo ya awamu, na daftari lake la madeni ndilo lililokuwa mtaji wake wa kweli: nani analipa, nani anachelewa, nani ameoza mwana na atahitaji vitambaa vipya. Waliopata pesa ya kutosha walitua mzigo wakafungua duka. Baba yake Carlos Slim, tajiri maarufu wa Meksiko, Julián Slim Haddad, alikuwa na duka lake Jiji la Meksiko kufikia mwaka 1911, akaliita La Estrella de Oriente, Nyota ya Mashariki.

Huko Xalapa, mwaka 1920, Lázaro Chedraui Chaya na mkewe Ana Caram walifungua duka la vifaa vya ushonaji wakaliita El Puerto de Beyrouth, Bandari ya Beirut. Jina hilo linanigusa kila ninapolisoma: watu wawili walio mbali na kwao, juu mlimani, wameweka bandari yao kwenye kibao cha mlangoni. Mwaka 1927 kibao kilibadilishwa kikawa Casa Chedraui: La Sin Rival, “isiyo na mpinzani”. Nadhani kufikia hapo walikuwa wameshaamua kwamba hawarudi.

Kwa nini vyakula na nguo chini ya paa moja

Mgeni akiingia Chedraui ya Meksiko anaweza kuchanganyikiwa. Upande huu kuna nyanya, jibini na samaki juu ya barafu. Hatua chache mbele kuna sare za shule, viatu, televisheni, mashine za kufulia, hata pikipiki. Hili ni duka gani?

Jibu limo kwenye jina la chama cha wafanyabiashara wenyewe, ANTAD, ambacho kwa Kihispania kinajitaja kuwa chama cha taifa cha maduka ya “autoservicio” na “departamentales”. Hizo ni koo mbili zilizokua mbalimbali kabla ya kuoana. Departamentales ni maduka yaliyogawanywa vitengo: nguo huku, vyombo kule, manukato mlangoni. Ukoo huu uliletwa kwa kiasi kikubwa na wahamiaji Wafaransa waliotoka bonde la Barcelonnette. Liverpool, ambayo hadi leo ni jina kubwa Meksiko, ilianzishwa na Mfaransa Jean Baptiste Ebrard mwaka 1847, na jina lake lilitokana na bandari ya Uingereza bidhaa zake zilikopitia. Autoservicio ndiyo supamaketi: mteja anajihudumia, anasukuma kikapu, analipa mara moja anapotoka.

Kujihudumia kulibadilisha zaidi ya tunavyofikiri. Katika duka la kaunta, muuzaji ndiye mwenye mali na maneno. Unamwambia unachotaka, anakuletea anachokitaka yeye, na bei inategemea sura yako na siku yako. Duka la kujihudumia linaweka bei kwenye rafu, sawa kwa mwenye gari na mwenye ndala. Linahitaji pia wafanyakazi wachache kwa kila peso inayouzwa. Chedraui ilikuwa kwanza duka la vitengo, la vitambaa, nguo na vifaa vya nyumbani, chini ya mtoto wa waanzilishi, Antonio Chedraui Caram. Mwaka 1970 ndipo ilipofungua supamaketi yake ya kwanza, hapo hapo Xalapa. Kwa hiyo nguo hazikuongezwa kwenye chakula. Chakula ndicho kilichoongezwa kwenye nguo.

Hesabu yake ni hii. Chakula kinaleta watu mara nyingi lakini faida yake ni nyembamba. Kilo ya vitunguu haimtajirishi mtu. Suruali na redio hununuliwa mara chache lakini zinaacha faida nene zaidi. Ukiviweka pamoja, vitunguu vinamleta mteja kila wiki, na wiki moja kati ya kumi anatoka na suruali. Meksiko wana kalenda nzima iliyojengwa juu ya jambo hili. Mishahara ya wengi hutoka mara mbili kwa mwezi, tarehe 15 na mwisho wa mwezi. Sheria inamtaka mwajiri kulipa bonasi ya Desemba, “aguinaldo”, isiyopungua mshahara wa siku 15, kabla ya tarehe 20. Siku hizo ndizo televisheni zinapouzwa. Siku za katikati ya wiki, watu wakiwa hawana kitu, Chedraui inawaita kwa mboga: Jumanne na Jumatano matunda na mboga hushushwa bei, na ofa hiyo imepewa jina la kuunganisha siku hizo mbili, MartiMiércoles. Ukipita duka lao siku hizo utaona akina mama wamelizunguka lundo la maembe, wanaminya moja moja kwa kidole gumba, hawana haraka.

Kuna kitu kingine cha kumleta mteja ambacho kwetu hatuna. Ndani ya supamaketi ya Kimeksiko kuna kiwanda kidogo cha tortilla. Donge la unga huingia juu ya mashine, linakatwa miduara, linapita kwenye mkanda wenye moto na kuangukia upande wa pili likiwa chapati nyembamba zinazotoa mvuke. Mhudumu anazipima kwa kilo, anazifunga kwenye karatasi, na unazibeba kifuani zikiwa na moto. Pembeni kuna mikate mitamu unayoichukua mwenyewe kwa koleo na sinia. Faida ya tortilla ni ndogo, lakini harufu yake inafika hadi maegesho.

Pesa za watu mfukoni mwako

Sasa tuingie kwenye kiini, kwa sababu bila hapa hadithi iliyobaki haieleweki.

Supamaketi haiishi kwa faida ya kila bidhaa. Katika biashara hii duniani kote, kampuni inayobaki na peso 3 kati ya kila 100 ilizouza, baada ya kulipa kila kitu, imefanya vizuri. Inaishi kwa mzunguko, na mzunguko huo unategemea kitu ambacho wafanyabiashara wetu wanakiita mali kauli. Tuchukue mfano. Kiwanda kinaniletea sabuni za peso milioni 1, nikilipe baada ya siku 45. Sabuni zinakwisha kwenye rafu kwa siku 15, na wateja wananilipa taslimu. Kwa siku 30 zinazobaki ninakaa na peso milioni 1 ambazo si zangu. Ukizidisha kwa bidhaa 20,000 na maduka 50, una bahari ya pesa za wengine ambayo haikauki maadamu unaendelea kuuza. Kwa pesa hizo unajenga duka la 51, nalo linaongeza bahari.

Kwa hiyo supamaketi inayokua hujipatia mtaji kutokana na kule kukua kwenyewe. Ndiyo sababu ukubwa ni kila kitu: mwenye maduka 200 anapewa siku 60 na punguzo, mwenye maduka 10 anapewa siku 20 na bei ya kawaida. Na ndiyo sababu kampuni za aina hii zikianguka huanguka ghafla. Mauzo yakipungua gurudumu linageuka. Madeni ya miezi miwili iliyopita, yaliyokopwa wakati wa mauzo mazuri, yanadai kulipwa kwa mauzo mabaya ya leo. Wagavi wanasikia, wanataka taslimu, rafu zinakauka, wateja wanakimbia. Waliokuwa Nairobi mwaka 2017 waliona rafu za Nakumatt zikifika hapo.

Meksiko nayo iliwahi kupata mtikisiko wa kugeuza magurudumu yote kwa pamoja. Desemba 1994 peso ilianguka. Dola iliyokuwa inabadilishwa kwa peso 3.4 hivi ilifika zaidi ya peso 7 ndani ya miezi michache. Riba zikapaa, na waliokuwa na mkopo wa nyumba au gari wakajikuta wanadaiwa zaidi ya thamani ya mali yenyewe. Na wakati huo huo jirani mkubwa kuliko wote alikuwa ameshaingia. Walmart ya Marekani ilifika 1991 kwa ubia na kampuni ya Cifra, wamiliki wa Aurrerá, na mwaka 1997 ikachukua udhibiti kabisa. Leo ina zaidi ya maduka 3,000 nchini Meksiko.

Kila supamaketi ya Kimeksiko iliitikia kwa njia yake. Soriana, iliyoanza na duka la vitambaa Torreón mwaka 1905, ilichagua kununua ukubwa: mwaka 2007 ilikubaliana kuchukua karibu maduka 200 ya mpinzani wake, Gigante. Comercial Mexicana ilijaribu kuchuma kwenye soko la fedha. Iliweka dau kubwa kwamba peso ingebaki imara, na Oktoba 2008, mtikisiko wa dunia ulipoiangusha peso, ikajikuta na hasara ya zaidi ya dola bilioni 1, ikaomba ulinzi wa mahakama. Haikupona kabisa. Sehemu kubwa ya maduka yake ilienda kwa Soriana baada ya makubaliano ya mwaka 2015. Kampuni iliyojua kupanga nyanya vizuri kuliko wote iliangushwa na mikataba ya sarafu. Hilo linanisikitisha hadi leo, kwa sababu waliolipa ni keshia na wapakuaji waliokuwa hawajui hata mikataba hiyo ipo.

Mgeni aondokapo

Chedraui ilikaa wapi wakati huo wote? Ilikaa mikoani. Veracruz, Tabasco, Puebla, kusini-mashariki, miji ya kati ambayo makampuni ya kigeni yaliiona ya joto na isiyo na pesa. Sitaki kuipamba kwa kusema ilipanga yote. Lakini kukaa pembeni kulikuwa na faida mbili: ardhi ya bei nafuu, na ushindani ulichelewa kufika.

Kisha ikaja Machi 2005. Carrefour ya Ufaransa, iliyoingia Meksiko mwaka 1994 ikishirikiana na Gigante, iliamua kuondoka. Mwezi huo huo iliuza pia maduka yake ya Japani. Meksiko ilikuwa na maduka 29 makubwa sana, mengi yakiwa katika maeneo mazuri, lakini 29 hayakutosha. Rudia hesabu ya mali kauli: mbele ya Walmart, mwenye maduka 29 anabaki kuwa mtu mdogo mbele ya mgavi, hata kama kwao Ulaya ni jitu. Makao makuu Ufaransa yaliona nchi inayokula mtaji bila kurudisha.

Chedraui iliyanunua yote 29. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji alipona pale mgeni alipofunga mizigo. Kwa tendo moja kampuni ya mkoani ilipata viwanja ambavyo isingeweza kuvipata kwa miaka kumi, yakiwemo maduka ya Jiji la Meksiko. Jengo lililokuwa likila hasara mikononi mwa Mfaransa liliingia kwenye mtandao ambao tayari ulikuwa na wagavi, maghala na malori ya kutosha. Kuta hazikubadilika. Kilichobadilika ni hesabu iliyozizunguka.

Wakenya watatambua hadithi hii, kwa sababu wameiona kutoka upande wa pili. Jina la Carrefour lilipofika Nairobi mwaka 2016 halikuletwa na Wafaransa wenyewe. Lililetwa na Majid Al Futtaim wa Dubai, mwenye kibali cha kulitumia. Na Nakumatt ilipoanguka, Carrefour ndiyo iliyohamia kwenye baadhi ya nafasi zake, kama ile ya Thika Road Mall. Kampuni ambayo maduka yake yaliyoachwa yalimkuza Mmeksiko, jina lake limekua Nairobi juu ya maduka yaliyoachwa na Mkenya. Katika biashara hii eneo zuri halifi. Linabadilisha mmiliki tu.

Mwaka 2010 Chedraui iliingia soko la hisa la Meksiko ikauza sehemu ya kampuni kwa umma, lakini familia ilibakia na usukani. Alfredo Chedraui Obeso ni mwenyekiti, na José Antonio Chedraui Eguía, wa kizazi kilichofuata, ndiye mtendaji mkuu. Mchanganyiko huo una uzito wake. Soko la hisa linatoa pesa ya kununulia, na familia inatoa subira, kwa sababu mtu anayetarajia kumwachia mwanawe hisa hana haja ya kuonyesha maajabu kila miezi mitatu.

Kumfuata mteja wa nyumbani

Kuvuka mpaka kulianza mapema kuliko watu wanavyodhani, miaka minane kabla ya kununua maduka ya Carrefour. Mwaka 1997, kupitia kampuni tanzu iitwayo Bodega Latina, Chedraui ilifungua El Super ya kwanza South Gate, mji wa wafanyakazi kusini-mashariki mwa katikati ya Los Angeles. Fikiria wateja wake walikuwa akina nani. Wakati huo, mtu wa Puebla au Jalisco aliyefika California aliingia supamaketi ya Kimarekani akakuta pilipili aina mbili na nyama iliyokatwa kwa mtindo asioujua. El Super ilimpa pilipili za kila rangi, nyama iliyokatwa nyembamba kama anavyotaka mama yake, tortilla ya moto, na keshia anayesema lugha yake.

Kwa mtazamo wangu hapa ndipo historia ya familia inaporudi. Lázaro Chedraui alikuwa mhamiaji aliyewauzia wenyeji. Wajukuu wake walikwenda nchi nyingine kuwauzia wahamiaji. Walijua jambo ambalo Walmart ilichelewa kulielewa: mhamiaji si maskini tu wa kutafutiwa bei ya chini. Ana ladha, ana kumbukumbu, na atapita maduka matatu kwenda la nne kama la nne lina majani ya epazote.

Wapinzani wa nyumbani walikuwa na wazo hilo hilo. Gigante nayo ilifungua maduka Kusini mwa California. Ilishindwa, na mwaka 2008 maduka hayo yakachukuliwa na El Super. Mwaka 2018 zikaja duka 63 za Fiesta, Texas, kwa dola milioni 300, zilizokuwa mikononi mwa mfuko wa uwekezaji.

Smart & Final ndiyo inayofundisha zaidi. Ni duka la zamani kuliko yote, lilianza Los Angeles mwaka 1871, na linauza kwa vipimo vikubwa: gunia la mchele, dumu la mafuta, kopo la nyanya la mama lishe. Mwaka 2019 mfuko wa uwekezaji wa Apollo uliinunua kwa dola bilioni 1.1 hivi pamoja na madeni. Apollo ikaikata vipande viwili. Kipande cha kuhudumia migahawa kiliuzwa kwa US Foods mwaka 2020 kwa dola milioni 970. Kwa maneno mengine, karibu gharama yote ilikuwa imesharudi. Kilichobaki, maduka 254, Chedraui iliyachukua mwaka 2021 kwa dola milioni 620. Kwa Apollo lilikuwa salio la kufungia hesabu, na kwa Chedraui lilizidisha mara kadhaa kile ilichonacho California kwa siku moja. Ukiweka El Super, Fiesta na Smart & Final kwenye daftari moja la manunuzi, mgavi wa mchele anayepokea simu yako anakaa vizuri kwenye kiti.

Gharama ambayo haimo kwenye daftari la faida

Upunguzaji wa gharama una watu ndani yake, na hapa kampuni haina sifa safi. El Super ilikuwa na mgogoro mrefu na chama cha wafanyakazi wa maduka, UFCW, juu ya saa za kazi, likizo ya ugonjwa na mkataba. Desemba 2014 chama kiliwaomba wateja wasusie maduka hayo, na mvutano ukaendelea kwa miaka. Baada ya kununua Smart & Final, kampuni iliamua kukusanya maghala yake katika bohari moja kubwa Rancho Cucamonga, mashariki ya Los Angeles. Kwa mhasibu ni uamuzi mzuri. Wafanyakazi wa maghala ya zamani, waliokuwa wamepiga kura mwaka 2023 kujiunga na chama cha Teamsters, walilalamika kwamba ajira zao zinafutwa ili kazi zile zile zifanywe kwingine kwa ujira mdogo. Naona wana hoja. Kampuni inayojivunia kumjua mhamiaji anaponunua inapaswa kumjua pia anapobeba maboksi usiku.

Kuna pia suala la sarafu, ambalo huwapotosha wanaosoma taarifa za kampuni hii juu juu. Inauza kwa dola na peso lakini inatoa hesabu kwa peso. Peso ikipanda thamani, kama ilivyofanya mwaka 2023, mauzo ya Los Angeles yanaonekana yamepungua kwenye karatasi hata kama hakuna mteja aliyeondoka. Peso ikishuka, yanavimba bila hata mkate mmoja wa ziada kuuzwa. Ukitaka kujua duka linaendaje, tazama mauzo ya maduka yale yale, kwa sarafu ya mahali pale pale.

Hata hivyo pande hizo mbili zimefungwa pamoja kwa uzi ambao hauonekani kwenye hesabu za kampuni. Wameksiko walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 63 mwaka 2023, nyingi mno zikitoka Marekani. Mwanamume anayenunua kuku El Super jioni ya Ijumaa anaweza kuwa asubuhi ile ile amemtumia mama yake pesa Veracruz, na mama akaenda nazo Chedraui ya mjini kwao. Familia moja, makeshia wawili, mmiliki mmoja.

Uzi huo ukikatika, unakatika pande zote mbili. Juni 2025 maofisa wa uhamiaji walifanya misako mikubwa Los Angeles, kwenye maegesho ya maduka, viwanda vya nguo na sehemu za kuoshea magari, na watu wengi wakajifungia majumbani. Duka linaloishi kwa nguo au televisheni linaweza kungoja hali itulie, bidhaa iko pale pale kwenye rafu. Duka linalooka mikate alfajiri na kutoa tortilla za moto tangu asubuhi linaona pengo la wateja wake siku hiyo hiyo, ikifika saa mbili usiku na lundo la karatasi zilizofungwa bado liko juu ya kaunta, limeshapoa.